Maambukizi ya Jiadia Tumboni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vipimo na Matibabu

Ukurasa huu unahusu jiadia, mojawapo ya vimelea vya utumbo vinavyosambazwa sana na maji machafu. Umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na yule anayemuuguza, ili wajue la kuuliza wanapofika kwa daktari na la kufanya wanaporudi nyumbani. Dozi zilizotajwa ni zile zinazotumika kwa kawaida. Anayepaswa kuamua ni ipi inayomfaa mgonjwa fulani ni mhudumu wa afya aliyemwona.

Jiadia ni kitu gani, na huingiaje mwilini?

Jiadia ni kimelea chenye seli moja tu, kisichoonekana bila hadubini, kinachokaa katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Si mnyoo wala si bakteria, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni dawa gani itakiua na ni ipi itapita bure. Kwenye karatasi ya majibu ya maabara kinaweza kuandikwa Giardia lamblia, Giardia duodenalis au Giardia intestinalis. Yote matatu ni kimelea kilekile. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea hadubini zake, ndiye anayesadikiwa kuwa mtu wa kwanza kukiona, mwaka 1681, alipochunguza choo chake mwenyewe wakati akiharisha.

Kimelea hiki huishi katika maumbo mawili, na mengi yanayofuata katika ukurasa huu yanatokana na jambo hilo. Umbo la kwanza ni trofozoiti, ambayo hujibandika kwenye ukuta wa utumbo, hula, na kuongezeka kwa kujigawa katika sehemu mbili. Umbo la pili ni sisti, yaani kimelea kilichojifungia ndani ya ganda gumu na kuwa tayari kutoka na choo. Sisti ndiyo inayoambukiza. Inaweza kubaki hai kwa wiki nyingi katika maji baridi, na asidi ya tumboni, badala ya kuiua, huiandaa kufunguka ikishafika kwenye utumbo. Sisti 10 tu zinaweza kutosha kumwambukiza mtu, ilhali mgonjwa mmoja hutoa mamilioni kwa mamilioni kwa siku.

Njia kuu ni maji: ya mto, ya bwawa, ya kisima kisichokingwa, au hata ya bomba pale ambapo mfumo wa kuyasafisha umeharibika. Hata hivyo kimelea hiki hupita pia kwa mikono isiyonawiwa baada ya kumbadilisha mtoto nepi, kwa chakula kinacholiwa kibichi baada ya kuoshwa na maji machafu, na kwa kujamiiana kunakohusisha mdomo na sehemu ya haja kubwa. Ndiyo maana mtu anayekunywa maji yaliyochemshwa daima anaweza bado kuugua.

Dalili zake ni zipi, na huanza baada ya muda gani?

Kwa kawaida dalili huanza wiki 1 hadi 2 baada ya kumeza sisti, wala si siku hiyohiyo. Mgonjwa huharisha choo chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ambacho mara nyingi huwa na mafuta, huelea na ni kigumu kusafishika chooni. Tumbo hujaa gesi na kunguruma, hupata maumivu ya kubana, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu, na mbweu zenye harufu ya yai viza. Uzito hupungua. Choo chenye damu si kawaida ya ugonjwa huu, na homa kali ni nadra.

Wengine hawana dalili yoyote, lakini hutoa sisti na kuambukiza wengine. Kwa wengine ugonjwa hudumu wiki 2 hadi 6 kisha hupoa wenyewe, na kwa baadhi hugeuka kuwa sugu: kuharisha kunakuja na kuondoka, siku za choo kigumu zikifuatana na siku za choo chepesi, mpaka mgonjwa anaanza kuamini kwamba tumbo lake limeumbwa hivyo.

Kwa mtoto mdogo hali huwa nzito zaidi kwa sababu utumbo ulioathirika haufyonzi vizuri mafuta, vitamini A na virutubisho vingine. Mtoto asiyeongezeka uzito, hata kama haharishi sana, ni sababu ya kutosha ya kuomba kipimo.

Nitajuaje kama ni jiadia na si amiba, minyoo au sumu ya chakula?

Kwa dalili peke yake huwezi kuwa na uhakika, ingawa zipo ishara zinazosaidia. Sumu ya chakula huja kwa haraka, ndani ya saa chache au siku moja au mbili, na huisha upesi. Amiba inayoshambulia utumbo mpana huleta choo chenye damu na kamasi, na mgonjwa husikia haja kila mara hata kama hakuna kinachotoka. Minyoo mingi haileti kuharisha kwa muda mrefu. Jiadia hujulikana kwa kung'ang'ania: kuharisha kusiko na damu kunakopita siku 7, kukiambatana na gesi nyingi na kupungua uzito.

Kuna pia kimelea kingine cha majini, kriptosporidiamu, ambacho dalili zake hufanana sana na hizi. Hicho ndicho kilichosababisha mlipuko wa Milwaukee nchini Marekani mwaka 1993, ambapo inakadiriwa kuwa watu wapatao 403,000 waliugua kutokana na maji ya bomba. Ninakitaja kwa sababu kipimo cha kawaida cha choo hakikionyeshi kwa urahisi. Maabara inahitaji kuambiwa ikitafute, kwa kuwa hutumia rangi maalumu.

Ni wakati gani nisisubiri na niende hospitali mara moja?

Nenda mara moja ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokuruhusu kubakiza maji tumboni, au dalili za upungufu wa maji mwilini: macho kuingia ndani, mdomo kukauka, mkojo kuwa mchache na mweusi, kizunguzungu unaposimama. Mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, na mtu mwenye kinga dhaifu hawapaswi kungoja mpaka kuharisha kupite siku 7.

Kwa nini nipimwe, ilhali dawa yake inajulikana?

Swali hili lina mantiki, na zipo nyakati ambapo daktari humtibu mgonjwa bila kipimo, kwa mfano pale ambapo maabara haipatikani au pale ambapo watu wengi wa sehemu moja wameshathibitika. Nje ya hapo, kumeza dawa kwa kukisia huleta tatizo ambalo huonekana baadaye. Mgonjwa asipopona, hakuna anayejua kama dawa imeshindwa, kama dozi ilikuwa ndogo, au kama hapakuwa na jiadia tangu mwanzo. Kipimo kinachofanywa wakati huo huwa na thamani ndogo, kwa sababu dawa imeshapunguza idadi ya vimelea kwenye choo bila kuvimaliza. Kwa maoni yangu wagonjwa wengi wanaosema jiadia yao haisikii dawa hawakuwahi kuthibitishwa kuwa nayo.

Kipimo cha choo hufanywaje, na nichukueje sampuli?

Kipimo cha msingi ni hadubini. Mtaalamu wa maabara huchukua kiasi kidogo cha choo, hukichanganya na maji ya chumvi au rangi ya ayodini, na kutafuta trofozoiti au sisti. Katika choo kilichoumbika huonekana zaidi sisti. Katika choo chepesi huweza kuonekana trofozoiti zikitembea. Maabara nyingi huongeza hatua ya kukusanya vimelea kwa kuzungusha sampuli kwenye mashine, ili hata vichache visipotee.

Ubora wa majibu huanza nyumbani kwako. Tumia chombo kisafi chenye mdomo mpana na kifuniko, kilichotolewa na maabara ikiwezekana. Usichukue choo kilichogusana na maji ya chooni, udongo au mkojo, kwa kuwa mkojo huua trofozoiti na maji huweza kuleta viumbe wengine wanaomchanganya mpimaji. Chagua sehemu yenye kamasi au iliyo nyepesi zaidi. Andika jina na saa.

Muda ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Trofozoiti hufa na kuharibika upesi nje ya mwili, hivyo choo cha maji kinatakiwa kichunguzwe ndani ya nusu saa hivi, au kiwekwe mara moja kwenye dawa ya kuhifadhi kama vile formalini. Sisti ni stahimilivu na choo kilichoumbika kinaweza kusubiri zaidi. Anayeishi mbali na maabara aombe chupa yenye dawa ya kuhifadhi mapema, asije akafika na sampuli iliyokaa juani tangu alfajiri.

Mwambie mhudumu kama umetumia siku za karibuni viuavijasumu, dawa za kupunguza asidi, dawa za kuzuia kuharisha, au kama ulipigwa picha ya tumbo kwa kunywa bariamu. Vitu hivyo huweza kuficha vimelea, na wakati mwingine ni heri kipimo kiahirishwe.

Nilipimwa mara moja wakasema hakuna kitu, lakini bado naumwa. Je, kipimo kilikosea?

Huenda hakikukosea hata kidogo: siku hiyo sisti hazikutoka. Jiadia haitoi sisti kwa kiwango kilekile kila siku. Kuna siku choo hujaa sisti, na kuna siku chache zinazofuata ambapo hazionekani kabisa ingawa utumbo umejaa trofozoiti. Kwa sababu hiyo sampuli moja chini ya hadubini huweza kukosa karibu theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa walioambukizwa kweli, wakati sampuli 3 zikichukuliwa siku tofauti hufikisha ugunduzi kwenye asilimia 85 au zaidi.

Hivyo utaratibu unaopendekezwa ni sampuli 3, kila moja ikitenganishwa na nyingine kwa siku moja au mbili, na zote zikusanywe ndani ya siku 10 hivi. Kuchukua chupa 3 kutoka haja moja hakusaidii. Ninatambua kwamba kurudi maabara mara 3 ni usumbufu na gharama, na kwamba wengi hukata tamaa baada ya jibu la kwanza. Lakini jibu la “hakuna kilichoonekana” kutoka sampuli moja halitoshi kuifuta jiadia, na daktari anayelichukulia kuwa la mwisho anaweza kumpeleka mgonjwa kwenye vipimo vikubwa visivyo vya lazima.

Vipimo vya antijeni na vya vinasaba ni bora kuliko hadubini?

Kwa kugundua jiadia peke yake, ndiyo. Kipimo cha antijeni hutafuta protini za kimelea kwenye choo, na hakitegemei jicho la mpimaji kuona sisti nzima. Kuna cha haraka chenye umbo la kikadi kinachotoa jibu kwa dakika chache, na kuna kinachotumia kingamwili zinazong'aa chini ya hadubini maalumu, ambacho hutambuliwa na maabara nyingi kama kigezo cha kulinganishia vingine. Kipimo cha vinasaba, ambacho maabara hukiita PCR, hugundua hata vimelea vichache sana, na kinaweza kutafuta vimelea na bakteria kadhaa kwa sampuli moja.

Upungufu wa vipimo hivi ni kwamba huona kile tu vilichotengenezewa kukiona. Hadubini, pamoja na udhaifu wake, humpa mpimaji nafasi ya kukuta mayai ya minyoo au kimelea kingine ambacho hakuna aliyekitarajia.

Je, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha jiadia?

Hapana. Kingamwili kwenye damu huweza kubaki muda mrefu baada ya mtu kupona, na kwa kuwa kimelea hiki hakipenyi ndani ya nyama za mwili, chembe nyeupe za aina ya eosinofili kwa kawaida haziongezeki kama zinavyoongezeka katika baadhi ya minyoo.

Na kama vipimo vyote vya choo havionyeshi kitu?

Iwapo dalili zinaendelea, daktari wa magonjwa ya tumbo anaweza kuingiza mpira wenye kamera na kuchukua majimaji au kipande kidogo cha ukuta wa duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mahali kimelea kinapokaa. Faida ya ziada ni kwamba uchunguzi huo huweza kufichua maradhi mengine yanayofanana na jiadia, ukiwemo ugonjwa wa siliaki, ambapo mwili haupatani na protini ya ngano.

Ni dawa gani zinazotibu jiadia?

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi la nitroimidazoli. Metronidazoli ndiyo inayopatikana kwa wingi: mtu mzima hupewa miligramu 250 hadi 400 mara 3 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, kulingana na mwongozo unaofuatwa na nchi husika. Tinidazoli ni ya kundi hilohilo lakini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo mtu mzima humeza gramu 2 mara moja tu, pamoja na chakula. Mahali ambapo zote mbili zipo, ningependelea tinidazoli kwa mgonjwa ambaye hana kizuizi nayo, kwa sababu rahisi kwamba dozi inayomezwa mara moja haiachwi katikati. Vidonge vya metronidazoli huacha ladha ya chuma mdomoni, huleta kichefuchefu, na wengi husimamisha dawa siku ya tatu wanapoona kuharisha kumepungua.

Dawa hizi huingia ndani ya kimelea zikiwa hazina makali, kisha kimelea chenyewe, kwa kuwa huishi bila oksijeni, huzibadilisha kuwa sumu inayokata vinasaba vyake. Mkojo unaweza kuwa na rangi nyeusi kidogo wakati wa matibabu, na hilo halipaswi kutisha. Ganzi au kuwashwa kwa vidole vya miguu au mikono, kwa upande mwingine, ni dalili ya kusimamisha dawa na kumwona daktari. Anayetumia wafarini ya kuyeyusha damu aseme mapema, kwa kuwa metronidazoli huongeza nguvu yake na huweza kusababisha kutokwa na damu.

Nje ya kundi hilo kuna nitazoksanidi, miligramu 500 mara 2 kwa siku kwa siku 3 kwa mtu mzima, ambayo pia ina kimiminika kinachowafaa watoto kuanzia umri wa mwaka 1 na ina nafasi ya kutibu kriptosporidiamu. Kuna pia albendazoli, miligramu 400 mara 1 kwa siku kwa siku 5.

Nilimeza dawa ya minyoo ya kidonge kimoja. Je, haikutosha?

Haikutosha. Albendazoli ya kidonge kimoja huondoa minyoo ya kawaida kama askaris, lakini kwa jiadia inahitajika kila siku kwa siku 5 mfululizo. Huu ni mkanganyiko wa mara kwa mara, na hueleza kwa nini mtu anaweza kusema “nimeshakunywa dawa ya tumbo” huku kimelea kikiwa hakijaguswa.

Naweza kunywa pombe wakati wa matibabu?

Usinywe. Pombe pamoja na metronidazoli au tinidazoli imehusishwa na kutapika, uso kuwaka moto, kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio. Ushauri wa kawaida ni kukaa bila pombe mpaka zipite saa 48 baada ya dozi ya mwisho ya metronidazoli, au saa 72 baada ya tinidazoli. Kumbuka kwamba baadhi ya dawa za maji za kikohozi na za kusukutua mdomo zina pombe ndani yake.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto hutibiwaje?

Katika miezi 3 ya kwanza ya ujauzito, kama mama hana dalili nzito, anakunywa maji ya kutosha na uzito wake haushuki, mara nyingi matibabu huahirishwa. Ikilazimu kutibu, paromomisini ni chaguo linalozingatiwa, kwa kuwa sehemu kubwa yake hubaki ndani ya utumbo bila kuingia kwenye damu. Tinidazoli haitumiki katika kipindi hicho. Baadaye katika ujauzito, metronidazoli hutumika pale daktari anapoona faida inazidi hofu.

Mama anayenyonyesha aulize kabla ya kumeza dozi kubwa ya mara moja, kwa sababu dawa huingia kwenye maziwa. Kwa tinidazoli hushauriwa kusitisha kunyonyesha kwa siku 3, akikamua maziwa na kuyamwaga ili yasikauke. Uamuzi huo usifanywe kwa wepesi mahali ambapo maziwa mbadala yatachanganywa na maji yaleyale yaliyoleta ugonjwa.

Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa uzito: metronidazoli ni takribani miligramu 15 kwa kila kilo kwa siku, zikigawanywa mara 3, na tinidazoli, kwa aliyezidi miaka 3, ni miligramu 50 kwa kilo mara moja, bila kuzidi gramu 2. Kukata kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria ni hatari. Mtoto anayeharisha anahitaji pia maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa pakiti maalumu, na zinki kwa siku 10 hadi 14, kama ilivyo kwa kuharisha kwingine.

Nimemaliza dozi lakini bado naharisha. Nifanye nini?

Usikimbilie dozi nyingine ya dawa ileile. Kuna maelezo manne, na kila moja lina njia yake.

La kwanza, ambalo husahauliwa kuliko yote, ni maziwa. Jiadia hujeruhi sehemu ya utumbo inayotengeneza kimeng'enya cha laktasi, na bila kimeng'enya hicho sukari iliyo katika maziwa haisagwi, bali huchachuka na kuleta gesi na kuharisha kulekule. Hali hii huwapata wagonjwa wengi na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Acha maziwa na vyakula vyake kwa wiki 2 hadi 4 uone. Dalili zikitulia, huhitaji dawa. Utumbo utapona, na utarudia maziwa kidogo kidogo. Ushauri huu haumhusu mtoto anayenyonya, ambaye aendelee na ziwa la mama.

La pili ni kuambukizwa upya. Mgonjwa aliyepata nafuu kabisa kwa wiki kadhaa kisha akaugua tena, pengine amekunywa tena maji yaleyale au amerudishiwa ugonjwa na mtu wa nyumbani mwake. Hapo chanzo kitafutwe kabla ya dawa.

La tatu ni dawa kushindwa, ama kwa kuwa dozi haikukamilika au kwa kuwa kimelea kimekuwa sugu. Usugu dhidi ya nitroimidazoli unaongezeka: hospitali ya magonjwa ya tropiki mjini London iliona wagonjwa wasioitikia matibabu hayo wakipanda kutoka asilimia 15 hivi mwaka 2008 hadi asilimia 40 hivi mwaka 2013, wengi wao wakiwa wametokea India. Katika hali hii choo hupimwa tena, na jiadia ikionekana daktari hubadilisha kundi la dawa au huunganisha mbili, kwa mfano metronidazoli na albendazoli kwa pamoja. Kwinakrini, dawa ya zamani ya malaria, ina nguvu kubwa dhidi ya jiadia sugu, lakini huweza kuvuruga akili za baadhi ya watu na haifai kutumiwa bila uangalizi. Mgonjwa ambaye jiadia inamrudia mara nyingi achunguzwe pia kinga, hasa upungufu wa kingamwili, kwa sababu watu wenye tatizo hilo hushindwa kukiondoa kimelea hata kwa dawa nzuri.

La nne ni tumbo lililobaki na hisia kali baada ya maambukizi. Mwaka 2004 maji ya bomba ya mji wa Bergen, Norwei, yalichafuliwa na jiadia, na zaidi ya watu 1,200 walithibitishwa na maabara. Watafiti waliowafuatilia walikuta kwamba miaka kadhaa baadaye wengi wao walikuwa bado na maumivu ya tumbo, choo kisichotabirika na uchovu mkubwa kuliko watu ambao hawakuugua, ingawa kimelea kilikuwa kimeshaondoka. Mgonjwa wa namna hii hasemi uongo wala hahitaji metronidazoli ya tano. Anahitaji daktari anayejua kwamba hali hiyo ipo, na matibabu yanayolenga utumbo wenyewe.

Nirudie kipimo kuthibitisha kwamba nimepona?

Kama dalili zimeisha, si lazima, isipokuwa kwa anayeandaa chakula cha wengine, anayelea watoto kituoni, au mwenye kinga dhaifu. Ukirudia, subiri wiki 2 hadi 4 baada ya dawa. Kipimo cha vinasaba kinachofanywa mapema mno huweza kuokota mabaki ya vimelea vilivyokufa.

Nimekutwa na jiadia lakini sina dalili. Je, nitibiwe?

Inategemea unaishi wapi na nani. Mahali ambapo maji bado ni machafu, kumtibu kila asiye na dalili huleta faida ya muda mfupi kwa kuwa ataambukizwa tena upesi. Lakini kama nyumbani kuna mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, kama kazi yako ni ya kupika, au kama mtoto wako ni wa kituo cha kulelea watoto ambako wengine wanaugua, kutibiwa kuna maana. Wengine wa nyumba hiyo wapimwe, na wenye dalili watibiwe kwa wakati mmoja ili wasirudishiane.

Maji ya kunywa yatayarishweje?

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika 1 yanatosha. Mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yaache dakika 3. Yapoe katika chombo chenye kifuniko na yachotwe kwa kikombe kisafi.

Klorini huua bakteria wengi kwa haraka, lakini sisti za jiadia huistahimili zaidi, na matokeo hutegemea kiasi cha dawa, muda, joto la maji na uchafu uliomo. Maji yaliyo baridi au yenye tope yanahitaji muda mrefu kuliko maelekezo ambayo watu huyasoma haraka kwenye pakiti. Kriptosporidiamu haisumbuliwi nayo kabisa kwa viwango vya maji ya kunywa. Kichujio hufaa kama matundu yake yamethibitishwa kuwa ya mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita) au chini ya hapo. Kitambaa huondoa tope tu, lakini ni hatua nzuri kabla ya kuchemsha au kutia dawa. Barafu na maji ya kuswakia yahesabiwe kuwa maji ya kunywa.

Kwa mikono, tumia sabuni na maji yanayotiririka. Vitakasa mikono vya pombe havitegemewi dhidi ya sisti.

Naweza kwenda kuogelea nikiwa naugua?

Hapana, mpaka kuharisha kukome. Hata katika bwawa lililotiwa klorini ipasavyo, sisti huweza kukaa hai hadi dakika 45, muda unaotosha kwa mwingine kumeza funda.

Je, mbwa au paka wangu ndiye aliyeniambukiza?

Mara nyingi siye. Mbwa na paka hupata jiadia, lakini aina zinazowapata kwa kawaida si zile zinazomwambukiza binadamu. Mnyama anayeharisha apelekwe kwa daktari wa mifugo, uchafu wake uondolewe kwa mikono iliyovikwa glavu, na utafutaji wa chanzo cha ugonjwa wako uendelee kwenye maji na kwa watu unaoishi nao.